Manar Amepona, Lakini Anaogopa

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Manar alifunga mlango wa chumba chake. Aliangalia mikono yake. Kisha aliangalia miguu. Alitafuta alama nyeusi za damu iliyovilia chini ya ngozi.

"Manar! Muhogo unapoa!" Bi Radhiya, mama yake, aliita kutoka jikoni.

"Nakuja, mama."

Manar alikuwa na miaka kumi na sita. Yeye na mama yake walikaa kijiji cha Kengeja. Miaka miwili nyuma, alama kama hizo zilimtoka mwili mzima bila ya kujigonga. Alipopimwa, alikutwa na saratani ya damu. Alitibiwa Dar es Salaam kwa muda mrefu. Nywele zilinyonyoka. Alitapika mpaka akachoka kutapika. Sasa matibabu yalikuwa yamekwisha. Daktari alisema damu ni safi, ila arudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu.

Nyumbani ilisomwa dua, na jirani wakaja kumpa mkono wa pongezi. Tangu siku hiyo neno saratani halikutajwa tena. Kila Manar alipotaka kusema anaogopa, mama yake alimkatiza.

"Usiseme hivyo, mwanangu. Umepona. Mshukuru Mungu."

Basi Manar akanyamaza. Shule hakurudi. Alisema bado amechoka.

Siku moja alijigonga muundi wa mguu kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Kesho yake akaona alama nyeusi. Moyo ulimwenda mbio. Alihisi pumzi haiingii. Mama yake alimkuta sakafuni, ameshika mguu, analia.

"Imerudi, mama! Imerudi!"

Bi Radhiya alimpeleka kituo cha afya. Huko walimkuta muuguzi, Bi Mwanamize. Alimpima Manar mwili mzima, akamtoa damu. Wakasubiri majibu.

"Damu haionyeshi tatizo," alisema Bi Mwanamize. "Hii alama ni ya kujigonga. Hata hivyo nitampigia simu daktari wake."

"Alhamdulillahi!" alisema Bi Radhiya. "Unaona, Manar? Huna kitu."

"Kitu anacho, Bi Radhiya. Ana hofu."

Bi Radhiya alimgeukia Manar. Muuguzi akaendelea.

"Matibabu yanakwisha, lakini hofu inaweza kubaki. Vijana wengi waliotibiwa saratani wako hivi. Wengine hawapati usingizi. Wengine wana hasira, au hawataki kuonana na watu. Si wazimu huo, wala si upungufu wa imani."

"Mie nasali, Bi Mwanamize," alisema Manar. "Lakini baadaye hofu inarudi."

"Endelea kusali, mwanangu. Na ukiogopa, sema. Sasa kaa vizuri, miguu yote chini. Vuta pumzi kwa pua, taratibu. Itoe taratibu zaidi. Mawazo yakija, usigombane nayo. Rudi kwenye pumzi yako. Haya, unasikia nini?"

"Mtu anafagia uani."

"Na nini tena?"

"Kuku. Na mtoto anakohoa."

"Miguu yako je?"

"Inahisi sakafu. Ya baridi."

"Hapa ndipo ulipo, leo. Hofu imekwisha?"

"Haijakwisha. Imepungua."

"Basi fanya hivi kila siku, dakika tano, hata siku ambayo huogopi. Lakini hii si dawa ya saratani. Siku za kupimwa usikose. Ukipata homa, damu ikikutoka puani, au alama zikitokea bila ya kujigonga, njoo upesi. Na huzuni ikikuelemea, niambie. Wapo washauri wa kuzungumza nao."

"Na mie nifanye nini?" aliuliza Bi Radhiya.

"Msikilize. Usimkatize."

Bi Radhiya alijifuta macho kwa ncha ya buibui. "Namkatiza kwa sababu naogopa mwenyewe."

Manar alimtazama. Hakuwahi kulijua hilo. "Na wewe, mama?"

"Kila siku, mwanangu."

Tangu hapo walikaa pamoja mkekani kila asubuhi, wakavuta pumzi. Siku nyingine walicheka tu, wakashindwa kuendelea. Siku nyingine Manar alisema, "Leo naogopa," na mama yake akasikiliza mpaka mwisho. Miezi mitatu ilipotimia walikwenda Dar es Salaam. Damu ilikuwa safi bado.

Wiki iliyofuata Manar alirudi shule. Alikaa dawati la mbele. Hakuna aliyekaa naye. Nyuma wanafunzi walinong'ona. Moyo ulianza kwenda mbio. Aliweka miguu chini, akavuta pumzi, akaitoa taratibu. Kisha akamwomba mwalimu ruhusa ya kusema.

"Nilikuwa na saratani ya damu," aliwaambia wenzake. "Nimetibiwa. Haiambukizi. Anayetaka kuuliza, aniulize mimi."

Msichana mmoja, Zulekha, alinyanyua mkono.

"Kweli nywele zote zilinyonyoka?"

"Zote. Hata nyusi."

"Ziliuma?"

"Hazikuuma. Lakini nililia."

Zulekha alichukua mkoba wake, akaja mbele.

"Sogea basi," alisema. "Dawati hili si lako peke yako."

Manar akasogea.