Sambusa Namba Kumi na Nne

Kengele ya mapumziko ilipolia, geti la shule pale mtaani Buyenzi likafunguka na watoto wakamwagika barabarani kama maharage kutoka kwenye gunia lililopasuka. Ilyasi, muuza sambusa, alikuwa tayari. Karai lilichemka, sinia lilijaa, na mikono yake miwili ilifanya kazi ya mikono minne. Ndipo mkono mmoja mrefu, wenye bangili tatu na hina kwenye kucha, ukapenya juu ya vichwa vya watoto.

"Unipatie mbili."

Akainua macho, na hapo, tuseme ukweli, kazi ikamshinda. Msichana alivaa gauni refu la kijani na mtandio wa rangi ya maziwa. Miguuni alikuwa na raba nyeupe. Raba nyeupe katika vumbi la Buyenzi! Sambusa tatu zikaungua karaini huku mwenyewe akiwa ameduwaa.

"We sha, vitu vyako vinaungua," msichana akacheka.

"Wacha viungue. We ni wa wapi? Mi sijakuona hapa hata siku moja."

"Wa Kamenge. Jina ni Soumaya."

"Umetoka Kamenge mpaka huku juu ya sambusa?"

"Banasema za kwako ni tamu."

"Banasema? Kula ujionee mwenyewe!"

Soumaya akatabasamu tu. Akazifunga zile sambusa katika karatasi safi, akaziweka kwenye mkoba, akaenda zake. Ilyasi alimtazama mpaka raba nyeupe zikapotea kwenye kona ya mafundi wa magari.

Alhamisi akarudi. Jumatatu akarudi tena. Kila mara ni mbili, kila mara zinaingia kwenye mkoba, wala hakuwahi kuonja hata kipande. Kijana mwingine angeuliza. Ilyasi, mtoto wa madrasa, alijijibu mwenyewe: Jumatatu na Alhamisi ni siku za funga ya suna. Binti huyu alikuwa mcha Mungu kuliko alivyothubutu kuomba! Siku moja alimwambia wazi, "Mungu akupokelee swaumu yako," na Soumaya akafungua mdomo kusema neno, kisha akaufunga. Watoto walikuwa wengi pale, na neno lile halikusemwa.

Mama Sijaona, mama yake Ilyasi, alipopewa habari alipiga vigelegele peke yake jikoni. Huyo ndiye aliyezikunja sambusa zote za mwanawe. Aliusuka ukingo kwa vidole, msuko mwembamba kama nywele za bibi harusi, na hapakuwa na mkono mwingine Buyenzi nzima uliojua kusuka hivyo.

"Anafunga Jumatatu na Alhamisi? Na we unangojea nini, mutoto wangu?"

Basi hakungoja. Akaomba namba ya simu, akapewa. Jumapili wakaenda Kajaga, wakakaa kwenye mchanga karibu na maji, na Soumaya, ambaye mbele ya karai hakuwahi kutafuna kitu, alimaliza samaki mzima wa mukeke wa kuchoma mpaka akabakiza mifupa. Alisema anafanya kazi ofisini. Ilyasi hakuuliza ofisi gani, maana alikuwa anayatazama macho yake.

Simu zikaanza kulia asubuhi na jioni.

"Umeamuka namna gani, sukari yangu?"

"Usiniite sukari. Sukari mingi ni mubaya."

"Basi nikuite chumvi."

"Hiyo nayo kidogo tu, Ilyasi."

"Eh, we mwanamuke! Nikuite nini sasa, maji?"

"Maji ni muzuri. Niite maji."

Akawa anamwita maji, na majirani wakafikiri ana kiu.

Ikafika wiki ambayo serikali iliwaita wauzaji wote wa chakula wa karibu na shule. Kulikuwa na sheria mpya njiani, na kabla ya kuitia saini walitaka kuzungumza na watu. Ilyasi hakuwa na wasiwasi. Mafuta yake aliyanunua mapya kila asubuhi, akamwachia mama yake ayamimine karaini. Isitoshe kichwa chake kilikuwa kwingine, kwa sababu Jumamosi ile wazee wangekwenda Kamenge kumposea, naye Soumaya hakuwa ameambiwa bado.

Ukumbi ulijaa. Mama Sijaona alikaa mstari wa mbele na kitenge chake cha njano. Bibi mmoja wa serikali, Madame Spéciose, mwenye miwani na sauti ya mwalimu mkuu, akaeleza kwamba watoto wanakula mafuta na sukari tangu asubuhi mpaka wanarudi nyumbani, na kwamba vya kukaanga na vya sukari vitaondolewa getini. Kisha akaashiria meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cheupe.

"Tulinunua vyakula vyenu kama wateja wa kawaida, tukavipima. Hakuna majina hapa, ni namba tu. Mademoiselle, fungua."

Msichana mwenye koti jeupe akatoka pembeni na kuvuta kitambaa. Chini ya koti lilionekana gauni la kijani. Miguuni, raba nyeupe.

Ilyasi alitaka kuamini ni dada yake Soumaya, pacha, mtu yeyote. Lakini bangili zilikuwa tatu.

Na bado. Mezani palikuwa na visahani vyenye namba, na kando ya kila kisahani chupa ndogo ya mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye chakula hicho. Namba kumi na nne ilikuwa na chupa nyeusi kuliko zote. Kisahani chake kilibeba sambusa moja iliyokatwa katikati, yenye ukingo uliosukwa.

"Yoo!" mwanamke mmoja akapaza sauti nyuma. "Ile si ya Mama Sijaona?"

Ukumbi mzima ukageuka. Soumaya akakitazama kisahani, akautazama umati, na damu ikamkimbia usoni. Mtu wa Kamenge angejuaje kwamba huku msuko ule ni sawa na jina lililoandikwa? Mama Sijaona aliinuka taratibu, akajifunika kitenge kichwani, akatoka bila kuaga mtu.

Mchana ule Ilyasi alimpigia Soumaya simu.

"Kwa hiyo Jumatatu na Alhamisi hukuwa na swaumu."

"Apana. Zilikuwa siku za kuchukua sampuli. Nilitaka kukuambia, Ilyasi, naapa..."

"Na mi nimekuombea kwa Mungu! Umemuaibisha mama yangu mbele ya watu wote!"

"Sikujua banaijua ile sambusa. Tulihakikishiwa ni namba tu."

"Na Kajaga? Kajaga nayo ilikuwa sampuli?"

"Usiseme hivyo."

"Na yale mafuta ya chupa mumeyatoa wapi? Mi nanunua mapya kila siku! Mulibadilisha!"

"Kipimo hakikubadilishwa," Soumaya akasema polepole. "Uliza nyumbani kwako."

Ilyasi akakata simu kwa hasira. Akaingia jikoni, si kuuliza, bali kulia kidogo mahali pasipo na watu. Akamkuta mama yake amechuchumaa. Mkono wa kulia ameshika dumu la mafuta mapya. Wa kushoto ameshika sufuria la mafuta ya jana, meusi kama kahawa, na anayamimina yote mawili katika karai moja.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nafanya nini tena? Nachanganya."

"Tangu lini?"

"Tangu hujazaliwa. Mafuta mapya peke yake hayana rangi, hayana harufu. We unafikiri banapenda sambusa yetu juu ya nini?"

Ilyasi akakaa chini, sakafuni, na suruali yake safi. Chupa ile nyeusi ilikuwa yake kweli. Watoto wa geti lile, miaka yote hiyo, walikuwa wanakula mafuta ya jana na ya juzi kutoka mkononi mwake, naye akiapa ni mapya. Na Soumaya alijua, na hakumtaja. Aliona aibu iliyomchoma kuliko ile ya ukumbini. Jumamosi ikapita, wazee hawakwenda Kamenge, na simu aliiogopa kama mtu anavyoogopa nyoka.

Sheria ikapita pia. Kijana mmoja wa manispaa akachora mstari mweupe barabarani, hatua mia moja kutoka getini. Ndani ya mstari ni matunda, karanga, mayai ya kuchemsha na uji. Vya kukaanga nje. Ilyasi akahamisha karai lake ng'ambo ya mstari, karibu na mafundi wa magari. Mafuta ya jana akawa anayamwaga mwenyewe kila asubuhi, na mama yake alimnunia siku tatu, kisha akarudi kusuka sambusa. Wateja walipungua. Lakini hayo hayakumnyima usingizi. Kilichomnyima ni swali moja: yule msichana alimpenda yeye, au alikuwa kazini?

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mkono wenye bangili tatu ukanyooshwa mbele yake.

"Unipatie mbili."

Kijiko kikamponyoka Ilyasi, kikazama karaini.

"Leo ni Jumanne," alisema.

"Najua."

Soumaya hakufungua mkoba. Alikaa kwenye benchi la mafundi, akapuliza sambusa, akaing'ata. Akatafuna, macho ameyafumba. Akamaliza ya kwanza, akashika ya pili.

"Ni tamu. Ila chumvi imezidi kidogo."

"Nisamehe, Soumaya. Ulisema kweli. Ni mama alikuwa..."

"Na mi unisamehe. Ningesema ile siku ya swaumu. Niliogopa utaniacha." Akajipangusa vidole. "Unajua kwa nini sikuwahi kula hapa? Kazini kwetu, unayempima huli kwake. Ni marufuku."

"Na leo?"

"Leo sikupimi. Buyenzi ina mutu mwingine wa kupima."

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye mhuri. Ilikuwa fomu ya kuomba kuondolewa kwenye kazi ya Buyenzi. Ilyasi akaisoma polepole. Jina la mfanyakazi. Jina la muuzaji: Ilyasi. Uhusiano na muuzaji: mchumba wangu. Kisha macho yakashuka kwenye tarehe. Ilikuwa imeandikwa siku kumi kabla ya ule mkutano, Jumatatu iliyofuata Kajaga.

"Sampuli zilikuwa zimeshachukuliwa," Soumaya alisema. "Madame Spéciose aliitia mhuri juzi tu."

"Lakini... Mchumba? Mi nilikuwa sijakuuliza bado."

"Najua. Nilikuwa nakungojea, na fomu haikuweza kungoja."

Mafundi wote walikuwa wameacha nyundo, wanasikiliza bila haya. Ilyasi akavua aproni, akaizunguka meza, akachuchumaa mbele ya zile raba nyeupe.

"Basi nakuuliza sasa, maji yangu."

"Soma fomu," Soumaya akasema, na machozi yakamtoka huku anacheka. "Jibu nimeshaandika."