Kompyuta Iliyofungwa Kitenge

Yudith wa Ipagala anajua kuandika programu za kompyuta. Baba mkwe wake, Mzee Matonya, ni katibu wa wafugaji kule Mpwapwa. Mbuzi alikula daftari lake la chanjo, na chanjo nyingine ni Jumamosi. Bila orodha, ng'ombe mmoja angechomwa sindano mara mbili na mwingine angekosa. Yudith akamwandikia programu ya kuorodhesha ng'ombe, akaituma.

Mzee akapiga simu.

"Mkwe, mashine imekataa."

"Shikamoo, baba. Mbona hapa kwangu inafanya kazi?"

"Marahaba. Hapa kwangu haifanyi."

Alhamisi Yudith aliona isiwe tabu. Alifunga kompyuta yake kwa kitenge, akasimama nje kusubiri bodaboda ya kwenda stendi.

Jirani yake Swaumu, fundi wa kompyuta, akamwona.

"Unahama?"

"Naipeleka Mpwapwa. Si ndiyo inayofanya kazi?"

Swaumu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ukimtumia mama mkwe unga, unaweka na sufuria?"

"Anayo."

"Sawa. Lakini programu yako inategemea programu nyingine. Kwako zipo, kwa Mzee hazipo, na hukumwambia mtu. Tengeneza kifurushi. Weka programu yako, halafu andika maelezo: jina, namba ya toleo, na vyote inavyohitaji. Linux, mfumo unaoendesha kompyuta zenu, itayasoma na kuvileta yenyewe kutoka mtandaoni."

Wakafungua kitenge. Yudith akaandika, akajenga kifurushi, akakijaribu. Programu ikafunguka. Akapiga vigelegele.

"Bado," Swaumu akasema. "Kwako kila kitu kipo. Jaribu kwenye kompyuta tupu."

Kwenye kompyuta tupu ya Swaumu, ikagoma. Kitu kimoja kinachohitajika hakikuandikwa kwenye maelezo. Yudith alikasirika, tena sana. Akakiongeza, akabadilisha namba ya toleo, akajenga upya. Ikafunguka.

Ijumaa alimtumia Mzee faili moja na amri moja ya kuandika. Jumamosi alishinda na simu mkononi. Jioni ikalia.

"Mkwe, tumemaliza! Hakuna aliyerudiwa, hakuna aliyekosa."

Yudith karibu alie kwa furaha.

"Na kuna ndama hakuwa na jina," Mzee akaendelea. "Mashine ikadai jina. Nimemwandika Yudith."

"Baba! Kwa nini mimi?"

"Mbishi. Lakini mwisho wake anaingia zizini."