Gome la Mringaringa

Kila Jumamosi asubuhi Elisifa alimkatia ng'ombe majani, akafagia banda, kisha akaingia jikoni kwa bibi yake, Bibi Ndelilio, kunywa chai ya maziwa na ndizi za kuchoma. Alikuwa darasa la sita huko Machame, mtoto mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa visingizio. Bibi alimpenda hivyohivyo alivyo.

Bibi alijulikana kwa dawa za miti. Ndiyo maana Daktari Theodora, mtafiti wa maabara moja ya Moshi mjini, alipanda mlima kuja kumwona. Alikuwa akipima miti ya dawa ili ajue kama ndani yake kuna kitu cha kuzuia saratani. Bibi alimpeleka korongoni akamwonyesha mti ambao wazee waliutumia kutibu uvimbe. Daktari akachuma majani na maua ya kuutambua, akaomba apelekewe baadaye mfuko wa magome yaliyokaushwa na kutwangwa.

"Bibi, wewe sasa ni mwalimu wangu," alisema Daktari alipoaga. Bibi alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

Wiki iliyofuata Bibi akapata msiba kwa ndugu zake, kazi ya magome akamwachia Elisifa.

"Mjukuu wangu, ubandue upande mmoja tu wa shina," alimwagiza. "Kisha upake pale samadi ya ng'ombe. Mti nao huumia."

Elisifa alishuka korongoni. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ilikuwa utelezi mtupu, na mazoezi ya kwaya ya watoto yalikuwa karibu kuanza. Alibandua magome machache, yasiyofika hata nusu ya mfuko, akarudi mbio nyumbani. Nyuma ya banda la ng'ombe palikuwa na mti mwingine kabisa, mringaringa. Akabandua na huo, akakausha yote, akatwanga pamoja. "Unga ni unga," alijiambia. Uvivu hauna aibu!

Mfuko ukapelekwa Moshi. Siku Daktari aliporudi na majibu, Bibi alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

"Tuliweka dawa yako kwenye seli za saratani tunazozikuza ndani ya visahani," Daktari alieleza kwa upole. "Seli ziliendelea kukua kana kwamba hatukuweka kitu. Pole sana, Bibi."

"Basi, labda wazee wetu walikosea," Bibi akajibu, akainuka kwenda kuchochea moto ambao ulikuwa ukiwaka vizuri tu.

Tangu siku hiyo Bibi alinyong'onyea. Jirani alipokuja kuomba majani ya kutuliza tumbo, Bibi alimwambia, "Nenda kwa wengine, mama. Mimi sijui kitu." Elisifa alisikia maneno hayo akiwa mlangoni. Moyo ulimuuma, maana hakuna mtu duniani aliyempenda kuliko Bibi.

Alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba lao la migomba, akachuma jani la sale. Uchaggani, aliyekosa humpelekea jani hilo yule aliyemkosea kuomba msamaha, na si rahisi kulikataa. Akapiga magoti mbele ya Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Haya, sale ya nini? Umemkosea nani?"

Elisifa alieleza yote huku machozi yakimtoka. Bibi akalipokea jani.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Lakini umeharibu pia kazi ya mwenzetu. Chuma jani lingine, twende Moshi."

Kule maabara, Daktari Theodora, mzaliwa wa Tanga, alilipokea jani kwa mikono miwili, akalinusa kwa furaha.

"Asanteni sana! Huu nao unatibu nini?" aliuliza, tayari kalamu iko mkononi.

"Mwanangu," alisema Bibi akijizuia kucheka, "huo unatibu ugomvi."

Elisifa hakucheka. Alisema kosa lake lote mbele ya Daktari. Daktari akaweka kalamu chini, na uso wake ukabadilika.

"Seli zile tunazitunza kama vifaranga, Elisifa. Kazi yote ile imepotea." Alishusha pumzi. "Hata hivyo, ungenyamaza, ningeuandika mti huo kuwa haufai kitu, na wengine wangeniamini. Umefanya vizuri kusema. Leteni magome mapya."

Safari hii Bibi na mjukuu wake walishuka korongoni pamoja. Magome yalipopimwa, Daktari alikuja mwenyewe kuleta habari: seli zilikuwa zimepunguza kukua.

Bibi alipiga kigelegele. "Basi nikawaite wagonjwa waje kunywa!"

"Hapana, Bibi," alisema Daktari akimshika mkono. "Hata sabuni inaua seli kwenye kisahani, lakini hatumnyweshi mtu sabuni. Mwili si kisahani. Bado tutapima miaka mingi tujue kama dawa hii inaponya au ina sumu. Kwa sasa, mwenye uvimbe aende hospitali mapema."

Furaha ya Bibi ilizimika ghafla.

"Kuna Mama Eliufoo hapa kijijini, ana uvimbe kwenye titi," alisema taratibu. "Anangojea dawa yangu. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri majibu yako."

Kesho yake kulipopambazuka, Bibi alikwenda kwa Mama Eliufoo, akamweleza ukweli, akamsindikiza mwenyewe hadi hospitali. Elisifa aliwabebea kikapu cha chakula. Wakati Mama Eliufoo yuko ndani kwa daktari, Bibi alimvuta mjukuu wake karibu naye kwenye benchi.

"Wewe ulisema kosa lako kwangu, na mimi leo nimesema langu kwa Mama Eliufoo," alisema. "Tukumbuke sote wawili, mjukuu wangu. Mgonjwa hajui magome yalitoka mti gani. Anachokunywa ni uaminifu wa aliyeyatwanga."