Bibi Alisema Atatoa Macho

Jambo la kwanza aliloliona Sindano ni kwamba bibi alirudi kutoka kliniki ya macho bila kulalamika. Kwa kawaida angelaumu foleni, benchi, na daktari aliye rika la wajukuu zake. Siku hiyo alivua viatu, akaketi kwenye cherehani, akageuza shati la mteja nje ndani. Sindano, jina alilobandikwa kwa ajili ya wembamba wake, akamtungia uzi kama kila siku akitoka shule.

"Nimekaa na kijana mmoja muuza mkate," bibi alisema. "Kioo cha jicho lake kimekuwa cheupe kama maziwa, na la pili linaanza. Daktari kamwambia dawa yake haiuzwi dukani. Mpaka mtu afe, ndipo apate kioo chake." Alikanyaga cherehani kidogo, akaacha. "Mimi nikifa nitatoa macho."

Sindano alicheka. "Bibi, maiti hatoi macho. Hufumbwa."

"Sisemi kukodoa, wewe. Nasema kumpa mtu. Ila usimwambie mjomba wako, ataona nimeanza kuchanganyikiwa. Nitamwambia mwenyewe."

Hakuwahi kumwambia. Presha ilimwangusha ghafla, akalazwa, na asubuhi moja hakuamka.

Kwenye korido ya hospitali mama alikuwa amekaa sakafuni. Mjomba alisimama ameshika ufunguo wa karakana yake. Muuguzi aliwapa pole, akangoja, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama marehemu aliwahi kusema lolote kuhusu kuchangia macho yake.

"Jambo hili halisubiri," alisema. "Tuna saa chache tu."

"Mama yangu hakusema kitu kama hicho," mjomba alijibu. "Tena macho yenyewe ya miwani. Nani atayataka?"

"Bibi alisema atatoa macho," Sindano alisema, akitazama chini.

Mjomba akamgeukia. "Atatoa macho? Mama yako analia, wewe unatuletea hadithi za kutisha? Kaa kimya."

Muuguzi alishukuru, akaanza kuondoka. Sindano aliutazama mgongo wa sare yake, akajua kuwa neno la bibi linakwenda nao. Darasani alizoea kulijua jibu na kumwachia mwingine alitaje. Hapa hapakuwa na mwingine.

"Siyo kukodoa, mjomba," alisema, safari hii kwa sauti iliyomfanya muuguzi asimame. "Kumpa mtu. Alikutana na muuza mkate kliniki, kioo cha jicho lake kimekuwa cheupe. Akasema akifa, macho yake apewe mtu kama yule. Alitaka kukwambia mwenyewe."

Mjomba alimtazama mama.

"Mtoto huyu ukimtuma chumvi kwa jirani anajibanza mlangoni," mama alisema, akijifuta uso kwa kiganja. "Ataweza kutunga yote hayo?"

"Kwa hiyo azikwe na matundu usoni?" mjomba aliuliza.

"Hapana," muuguzi alisema. "Kinachohitajika ni kile kioo chembamba cha mbele. Macho yatafumbwa na sura yake itabaki ileile. Na kuvaa miwani si kizuizi. Daktari atapima kwanza."

Mjomba aliugeuzageuza ufunguo mkononi. "Mama akiwa hai sikuthubutu kumpinga," alisema mwishowe. "Nitaanzaje leo?"

Baada ya mazishi muuguzi alipiga simu. Vioo vilifaa, na watu wawili walikuwa wamewekewa. Majina hayatajwi. Kama muuza mkate alikuwa mmoja wao, hakuna aliyejua.

Mama aliweka simu chini.

"Kutoa ni moyo," alimwambia Sindano, aliyekuwa akiosha vikombe. "Lakini moyo hauonekani. Anayetaka kutoa awaambie watu wake mapema, na aliyeambiwa aseme. Ungenyamaza, tungefukia macho mazima, na mtu angebaki gizani. Hiyo ndiyo shida yenu ninyi watu wapole."

Sindano aliweka kikombe pembeni.

"Mimi siyo mpole, mama," alisema. "Mimi huogopa watu."