Kaka Alichagua Miche Mizuri

Panga lilikuwa shingoni mwangu, na aliyelishika ni kaka yangu wa tumbo moja.

Jamani... hata sijui nianzie wapi.

Mimi ni mtafiti wa mimea. Kwenye banda letu la vioo tunatengeneza mahindi yenye RNA ndogo ndani yake, yaani vijiujumbe vya kuamuru jeni. Kiwavi akitafuna jani, zile RNA zinazima jeni yake ya kusaga chakula. Anakufa njaa na tumbo limejaa! Miaka yangu yote ya kazi ilikuwa kwenye ile miche.

Na kazi ya ulinzi pale, kaka nilimtafutia mimi. Mimi, kwa mdomo wangu huu!

Mchana ule wenzangu walikuwa wametoka kula. Akafunga mlango kwa ndani. Nikadhani utani, maana kwa utani hajambo.

"Kuna mtu anaitaka hiyo miche," akasema. "Usinilazimishe."

Nikakimbilia kengele. Akanipiga ubapa wa panga mkononi, mfupa ukalia kah! Nikaangukia vyungu. Akanikanyaga kifua, damu ikanitoka puani, panga akaniwekea shingoni. Nikamwita jina lake la utotoni. Hakunitazama.

Akaanza kuchagua.

Kushoto kulikuwa na miche imejaa matundu, imeng'atwang'atwa. Kulia, ndani ya chandarua, miche ya kijani, haina hata doa. Akacheka, akasema kumbe wasomi mnajua kuficha. Akabeba ya chandarua yote.

Nikameza damu yangu, nikanyamaza.

Siku chache baadaye nilikuwa hospitali kuangaliwa mkono, kaka akaletwa kwa machela. Mbavu zimevunjwa, uso umevimba, humtambui. Mnunuzi alimwagia ile miche viwavi kuijaribu, wakaila mpaka mashina. Akaona katapeliwa, akaita vijana wake.

Mama alisimama katikati yetu, analia tu.

"Mdogo wangu... ulijua?"

"Nilijua. Ile ya chandarua ni mahindi ya kawaida, ya kulinganishia, viwavi walizuiwa na chandarua tu. Yetu ni ile yenye matundu. Mdudu lazima aume kwanza, ndipo afe."

Akafumba macho.

Kaka hakuvuka wiki. Namlilia, wapendwa, na huku mkono alionivunja bado haunyooki.

Mkiona mtu ana alama za meno mwilini, msimcheke. Ulizeni kwanza aliyemng'ata yuko wapi.