Bakuli Nililomficha Mkamwana Wangu

Mimi ni mama wa miaka sitini na mitatu. Naishi Manga, upande wa mlimani, ambako nalima chai kidogo na ndizi. Mume wangu alifariki zamani, akaniachia mabinti ambao wote wameolewa, na mtoto mmoja tu wa kiume. Huyo tumwite Makori. Ni habari zake ninazotaka kuwaeleza, wasomaji wenzangu... habari zake na aibu yangu.

Tafadhali msinihurumie haraka. Ngojeni mwisho.

Makori alikuwa dereva wa lori la kubeba majani chai. Alijenga ndani ya boma langu, kama ilivyo desturi yetu, na nyumba yake iko karibu kiasi kwamba mkewe Kwamboka akikaanga kitunguu, mimi hupiga chafya. Alikuwa na mwili mkubwa, shingo imejaa, tumbo liko mbele. Nami nilijivunia! Kwetu mwanamume mnene ni sifa kwa mama yake. Kila siku alipopita Keroka na lori alikula nyama na supu ya mifupa, kisha nyumbani akala tena kama hajaona chakula.

Halafu akaanza kuhema. Kupanda tu kutoka mtoni kulimshinda. Miguu ikavimba, usiku akawa analala ameketi. Tulimpeleka hospitali mjini Kisii, na daktari akatuambia presha ilikuwa juu kwa muda mrefu bila yeye kujua, na moyo ulikuwa umepanuka na kuchoka.

Alipewa dawa. Lakini daktari alisema dawa peke yake haitatosha. Chumvi iwe kidogo sana. Mafuta na nyama nyekundu vipunguzwe, supu za hoteli na soda ziachwe kabisa. Ale mboga kwa wingi, maharagwe, samaki na matunda. Kwamboka alisikiliza maneno hayo kama mtu anayesikiliza wosia.

Na kweli alifanya! Kopo la chumvi liliondoka mezani. Managu na chinsaga, zile mboga zetu chungu, alizipika kwa kitunguu, nyanya na ndimu. Kuku aliondolewa ngozi. Ugali ukawa wa wimbi.

Mimi je? Mimi nilicheka. Sabato moja walinialika chakula cha mchana pamoja na wageni kutoka kanisani, nami ulimi wangu hauna breki. Nilionja mboga, nikaweka kijiko chini.

“Mkamwana, hii mboga iko matangani?” niliuliza. “Mbona imenyamaza hivi?”

Wageni walicheka hadi machozi. Kwamboka alitabasamu kidogo tu, akasema, “Ni maagizo ya daktari, Mama.”

Makori akaanza kupungua. Maji yalitoka mwilini, miguu ikarudi kuwa miguu, akawa anapanda mlima akipiga mluzi. Alikuwa anapona! Lakini macho yangu yaliona nini? Yaliona mifupa ya shingo. Yaliona suruali inayoshikiliwa na mshipi.

Kisha nilienda mazishi Mosocho, na mama mmoja tuliyesoma naye akanivuta kando. “Kijana yako amekauka hivyo ni nini?” akaniuliza. “Huyo bibi yake anampea chakula kweli, ama amemchoka?”

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani yakinichoma. Watu wanasema mwanangu ananyimwa chakula! Mwanangu, wa kiume wa pekee! Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nilijiambia, na kwa methali hiyo nikajipa ruhusa ya kufanya nilichofanya.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Makori alipitia jikoni kwangu kunisalimia. Nikaanza kumwekea bakuli, limefunikwa kwa sahani. Matumbo yaliyokaangwa yakielea kwenye mafuta. Siku nyingine mbavu na supu yake.

Siku ya kwanza alirudi nyuma. “Mama, nilikatazwa.”

“Na nani? Ni mimi nilikuzaa ama ni daktari? Chakula cha mama kimewahi kuua nani?”

Akataja chumvi. Nikamwambia sikutia chumvi nyingi, nimelainisha kwa magadi, na magadi si chumvi. Baadaye hospitalini ndipo nilipoelezwa kwamba hata magadi humdhuru mgonjwa wa moyo vilevile. Lakini siku hiyo nilijiona mjanja...

Akaketi, akala.

Wasomaji, hapa lazima niseme ukweli wote. Kwetu, mtoto mzima anayesukuma sahani ya mama yake amemsukuma mama mwenyewe. Watu watalizungumza hilo hadi kaburini. Mimi nililijua, na nililitumia. Nilisimama hapo mlangoni hadi alipomaliza.

Nikamwambia asimweleze Kwamboka, tusilete vita bure.

Miguu ikavimba tena. Kwamboka aliona kabla ya mtu mwingine yeyote. Akamuuliza mumewe kama amerudia hoteli za Keroka, naye akatoka nje. Wakaanza kugombana, watu ambao sikuwahi kuwasikia wakipandishiana sauti. Siku moja Kwamboka alikuja kwangu, akaniuliza kwa heshima, “Mama, kuna kitu anakula hapa?”

Ningesema ndiyo, yangeisha. Badala yake nilimrukia! Nilimwambia mwanamke anayeshindwa kumlisha mume asitafute mchawi. Kisha nikawaita wazee.

Walikuja ndugu za marehemu mume wangu, wakaketi sebuleni kwangu, tukaomba. Nikasimama na kumshtaki Kwamboka kwamba anamkausha mwanangu na sasa ugonjwa umerudi. Nilisema vizuri sana, hata nikalia mahali pa kulia.

Ombati, yule mkubwa wao, aliniuliza jambo moja tu. “Mke wa ndugu yangu, wewe mwenyewe humpei chakula kingine?”

“Hata chai,” nikajibu.

Hata chai! Na bakuli la asubuhi hiyo lilikuwa jikoni, mafuta yameganda pembeni, sijaliosha! Makori aliangalia viatu vyake. Kwamboka alimwangalia Makori. Alingoja aseme neno... lakini atasemaje? Amwite mama yake mwongo mbele ya wazee?

Wazee waliamua Kwamboka aende kwao Keroka kwa muda, mama yake amfundishe jinsi mume anavyolishwa. Alifunga nguo zake, akamshika mtoto wao mkono, akatoka bila kugeuka. Na mimi niliingia jikoni nikiimba wimbo wa kanisani!

Sasa nikawa nampikia asubuhi, mchana na jioni. Sabato iliyofuata nilisimama mbele ya akina mama kanisani, maana mimi ndiye kiongozi wao, nikafundisha kwamba mwili ni hekalu la Mungu. Nikikumbuka siku hiyo natamani ardhi inimeze.

Haikuchukua muda. Makori alifika kituo cha kununulia chai, akashuka kwenye lori, akaanguka. Wenzake walimkimbiza Kisii. Mapafu yalikuwa yamejaa maji.

Nilipofika hospitali pamoja na Ombati, nilimkuta Kwamboka tayari yuko hapo, na gambuti zake za shamba miguuni. Mwanamke niliyemfukuza alikuwa amenitangulia.

Daktari alituangalia sote, akauliza ni nani anayempikia mgonjwa.

Ndipo Makori, ambaye hakuweza kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, alisogeza ile barakoa ya hewa usoni mwake. “Ni mimi, daktari,” akasema. “Mimi hula... hotelini.”

Mungu wangu! Pumzi ile kidogo aliyobaki nayo, mwanangu aliitumia kunifichia aibu!

Nilishindwa. Nikasema mbele ya daktari, mbele ya Ombati, mbele ya Kwamboka, “Anadanganya. Ni mimi. Nilimlisha kila siku.”

Ombati aliondoka bila kuniaga. Kwamboka hakunitukana. Laiti angenitukana! Alirudisha barakoa usoni mwa mumewe, akamfunika miguu.

Siku alipopata nafuu nilimuuliza Makori kwa nini alikubali kula na alijua hatari. Alinijibu polepole, “Sikuwa na njaa, Mama. Niliogopa utadhani nimekukataa.”

Wasomaji wenzangu, mnajua neno hilo linalala vipi kifuani mwa mzazi? Nilidhani namtia mwanangu nguvu, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinilisha mimi, kijiko kwa kijiko, kiburi changu kishibe.

Makori yu hai, namshukuru Mungu. Lakini kazi ya lori imekwisha. Hupalilia kidogo asubuhi, kisha huketi. Mimi nilienda Keroka kwa wakwe nikiwa nimeinamisha kichwa, nikaomba msamaha mbele ya mama yake Kwamboka, yule ambaye wazee walisema amfundishe bintiye kumlisha mume. Alinipa kiti. Hakunipa maneno mengi. Kwamboka alirudi kwa ajili ya mumewe, na hilo aliniambia waziwazi.

Nilipopimwa, mimi pia nilipatikana na presha. Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo wahenga walivyosema. Siku hizi nakula mboga ileile niliyosema iko matangani, na nikiwa mkweli, ukiizoea ni tamu.

Akina mama wenzangu, mkamwana akipika jinsi daktari alivyosema, msimcheke. Msiite kukonda ugonjwa na kunenepa afya. Na ninyi vijana, mkikatazwa chakula, kikataeni hata kwa mama yenu. Mama wa kweli atakasirika, halafu atanyamaza.

Sabato iliyopita nilipika chinsaga bila chumvi, bila magadi, nikaipeleka nyumbani kwa mwanangu. Huwa siingii nayo. Nasimama mlangoni, Kwamboka anachukua kijiko, anaonja kwanza. Mimi niliyemzaa, chakula changu huonjwa kabla hakijamfikia mwanangu! Nami nangoja, mikono nyuma, kama mtoto wa shule.

“Iko sawa, Mama,” akasema, ndipo akampelekea.

Nilirudi kwangu nikilia. Wewe mama mwenzangu unayesoma haya, kama kuna bakuli umelifunika mahali, limwage leo.