Sifuri Aliyoiongeza Witness

“Usinidanganye mara ya pili, Witness! Sifuri hii imetoka wapi?”

Mama alisimama katikati ya vifuko vya pilipili manga, simu mkono mmoja, mwiko mkono wa pili. Jikoni uji ulifurika. Hakuna aliyeugeukia.

“Mama, kila mtu kundini anafanya hivyo!”

“Simuulizi kila mtu. Nakuuliza wewe.”

Witness alisoma darasa la sita, Morogoro mjini. Yeye ndiye aliyemwandikia mama yake matangazo katika kundi la simu la wauza viungo. Mwaka juzi, kundi lilipoanza, watu walituma picha za mdalasini na kuulizana bei. Kisha mmoja akatuma ujumbe wa pesa alizopokea, akamshukuru Mungu. Alipongezwa sana. Wiki iliyofuata walituma watano. Sasa hakuna aliyetaja mzigo ulioharibika wala mteja aliyekimbia. Ilikuwa ni pesa tu, asubuhi hadi jioni, kila mmoja akitaka kumpita mwenzake.

Jana Witness alichukua picha ya ujumbe wa Mama, shilingi 84,000. Akaongeza sifuri, akasogeza mkato, akaituma.

“Mama Yasmin alituandikia, ‘Jirani, bado umelala?’ Wote wakacheka,” alisema Witness. “Niliona aibu.”

Simu ikaita. Alikuwa Bibi Scholastika, mkulima wa Matombo.

“Shikamoo, Bibi,” Mama alisema.

“Marahaba. Mwanangu, mwezi uliopita uliniambia bei imeshuka. Kumbe imeshuka kwangu tu?”

“Bibi, ile picha…”

“Thobias, mjukuu wangu, amenionyesha kundini. Laki nane na ushee kwa siku! Basi gunia langu halipandi gari leo. Kuna kijana wa Mikese hapa, ana pesa mkononi.”

Akakata.

Mama aliketi juu ya ndoo. Kwa miaka mitano Bibi alimpa pilipili kwa mali kauli: anachukua mzigo leo, analipa akishauza. Bila gunia lile, vifuko hivi vikiisha hakuna cha kuuza hadi mavuno yajayo.

“Niifute picha?” Witness aliuliza.

“Ameshaiona. Ukiifuta atasema tunaficha.”

“Basi tuseme simu iliibwa…”

“Uongo mwingine! Sikiliza. Bibi hanipi gunia kwa sababu nina pesa. Ananipa kwa sababu nikisema jambo, ndivyo lilivyo. Umejisifia utajiri tusio nao, ukatupotezea kile tulichokuwa nacho. Kuaminiwa ndio mtaji wetu. Umeuvunja wewe, utengeneze wewe.”

Witness aliitazama simu. Kundini walikuwemo watu mia mbili. Akabonyeza alama ya kurekodi.

“Shikamooni. Naitwa Witness. Picha ya jana niliibadilisha mimi, Mama hakujua. Alipata elfu themanini na nne, na humo hajamlipa Bibi Scholastika. Vifuko kumi na viwili vimeota ukungu. Bibi, nisamehe.”

Akatuma kabla hajaogopa.

Mama alianza kuzunguka chumbani. Kisha Mama Yasmin akaandika: “Na mimi ile ya Jumatatu ni ya mwaka jana.” Mwingine akafuata: “Iliki yangu imeoza yote.”

Mwisho ikaja sauti ya Bibi. “Kijana wa Mikese nimemwambia aende. Gari linaondoka saa sita. Huyo mtoto aende stendi kulipokea gunia mwenyewe, alibebe kwa mgongo wake.”

Witness alikuwa tayari anatafuta viatu.